Mama aliogopa sindano, mimi nikadhani anaogopa mashine

Kwa miezi saba nilimtumia mama yangu kila nilichokipata kwenye simu. Mabango ya mwezi Oktoba, video fupi za madaktari, hata makala nilizoandika mwenyewe. Kila mara alinijibu kwa ile alama ya mikono miwili ya kushukuru, kisha akaniuliza kama nimekula.

Mama ana miaka 54 na ni fundi cherehani mjini Morogoro. Hakuwa na uvimbe wala maumivu, na hakuna mtaalamu aliyewahi kumkagua matiti tangu alipomwachisha kunyonya mdogo wangu wa mwisho. Nilitaka apigwe picha ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, ambayo inaweza kuonyesha uvimbe ukiwa bado mdogo kiasi kwamba mkono hauwezi kuuhisi.

Nilikuwa nimeshamtungia sababu zake za kukataa, na majibu ya kila moja. Gharama? Nitalipa mimi. Aibu ya kuvua nguo mbele ya mgeni? Nitatafuta mtaalamu wa kike. Mashine inabana? Ni sekunde chache. Ninaandika habari za afya mwaka wa nne sasa, na orodha ya vikwazo vya wanawake kupima saratani ninaijua bila kusoma. Jambo moja tu sikulifanya. Sikumuuliza.

Nilimuuliza mwezi Machi, tukiwa tumekaa uani tunachambua mchele.

"Mama, kwani shida hasa ni nini?"

Aliendelea kupepeta ungo. "Shangazi yako alikuwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe," akasema. "Walipomchoma ile sindano, hakumaliza mwaka."

Miezi 11

Shangazi alikuwa mdogo wake baba. Alihisi kigololi kwenye titi la kushoto mwaka 2015, akiwa na miaka 43 na mtoto mdogo ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaacha ziwa. Mimi nilikuwa kidato cha tano, na mambo mengi nimeyajua baadaye.

Kwenye kituo cha kwanza alichokwenda aliambiwa ni maziwa yameganda. Akapewa vidonge vya siku saba. Kigololi hakikuondoka, akarudi, akapewa vidonge vingine. Hakikuwa kinauma, na hilo lilimtuliza kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Kwetu ugonjwa ni kitu kinachouma. Lakini uvimbe wa saratani ya matiti mara nyingi hauumi mwanzoni, na maumivu yakija huwa tayari umechelewa.

Baada ya hapo akapelekwa kwa mganga. Aliyempeleka ni baba. Ameniruhusu niandike hili, ingawa alichukua siku mbili kunijibu. Alisema wakati ule aliona anamsaidia dada yake, kwa sababu hospitali zilikuwa zimeshamrudisha mara mbili na mganga alikuwa mtu pekee aliyekaa naye chini akamsikiliza kwa saa nzima.

Dawa ya kupaka ilimaliza miezi minne. Titi likaanza kubonyea, ngozi ikawa kama ganda la chungwa, na chuchu ikaingia ndani. Wakati familia inachanga nauli na pesa ya hospitali ya rufaa, uvimbe ulikuwa umeshafika kwapani. Sindano ya kuchukua kinyama aliichomwa mwezi wa 11 tangu alipohisi kile kigololi. Alifariki miezi tisa baadaye. Mama ndiye aliyekuwa anamwogesha.

Sasa ukiitazama hadithi hii kwa macho ya mtu aliyekuwa chumbani, unaelewa mama alichokiona. Mtu ana uvimbe na anaishi nao, anapika, anakwenda sokoni. Anachomwa sindano. Anakufa. Miezi ile 11 haionekani, kwa sababu ilikuwa miezi ya kawaida. Sindano ndiyo inayokumbukwa.

Nimeshalisikia jambo hilihili kwa wanawake wengi tangu nianze kazi hii, kwamba saratani "ikiguswa na chuma inasambaa". Nilikuwa naliandika kama "imani potofu" kisha naendelea na aya inayofuata. Sikujua kuwa liko nyumbani kwetu, na kwamba lina jina la mtu.

Kuchukua kinyama ni kipimo. Daktari anatia ganzi, anaingiza sindano kwenye uvimbe na kutoa vipande vidogo ambavyo maabara itavitazama kwa hadubini. Bila kipande hicho hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama uvimbe ni saratani, wala ni saratani ya aina gani, wala dawa gani itaufaa. Hakigeuzi ugonjwa wa hatua ya kwanza kuwa wa hatua ya nne. Shangazi alifika hatua za mwisho kwa njia ya vidonge, dawa ya kupaka na kusubiri nauli, na sindano ikawa shahidi tu.

Nilimweleza mama hivyo. Hakunikubalia siku ile. Alisema, "Haya, nimekusikia," ambayo kwa mama yangu ina maana kuwa mazungumzo yamefungwa lakini mlango haujatiwa kufuli.

Siku 60

Tanzania, saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya mlango wa kizazi, na ya matiti inafuata. Tathmini ya huduma za afya ya matiti nchini iliyotolewa mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa hugunduliwa ugonjwa ukiwa umefika mbali. Duniani, saratani ya matiti iliua watu wapatao 670,000 mwaka 2022.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, na ndani yake kuna namba ambayo ningependa kila mzazi anayesoma hapa aishike: 60. Tangu mgonjwa afike kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha afya hadi apate jibu kamili, zisizidi siku 60. Si siku 60 za kufikiria. Ni siku 60 za picha, kinyama na majibu, vyote vikiwa vimekwisha. Shangazi alitumia zaidi ya 300.

Kwa hiyo ukiambiwa "ni maziwa" au "ni homoni" au "endelea kuangalia", uliza swali moja kabla hujatoka mlangoni: nirudi lini, na nikirudi bado kipo nitapelekwa wapi? Uvimbe uliobaki baada ya dozi ya kwanza ya dawa hauhitaji dozi ya pili ya dawa ileile. Unahitaji rufaa. Vivimbe vingi vya matiti si saratani, na ndiyo maana hakuna sababu ya kuogopa kuvipima.

Kama mashine iko mbali

Hapa lazima niseme jambo ambalo mabango ya Oktoba hayalisemi. Mamografia si ya kila mwanamke, na si kila mwanamke Tanzania anaweza kuifikia. Mashine ni chache na nyingi ziko hospitali kubwa za mijini, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza na KCMC Moshi. Mama wa Malinyi au Liwale akiambiwa tu "nenda kapige mamografia" ni sawa na kuambiwa apande ndege.

Tena kwa mwanamke wa chini ya miaka 40 picha hiyo mara nyingi haisomeki vizuri. Titi la kijana limejaa nyama nzito ambayo kwenye picha hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Kwake daktari huanza na altrasaundi, na hiyo ni habari njema kwa kuwa mashine za altrasaundi zimesambaa zaidi.

Mamografia ya mtu asiye na dalili hupendekezwa kuanzia miaka 40 au 50, kutegemea nchi. Wataalamu wa Marekani mwaka 2024 walipendekeza kila baada ya miaka miwili kuanzia miaka 40 hadi 74. Shirika la Afya Duniani linataja miaka 50 hadi 69 kwa nchi zenye uwezo, na kwa nchi zenye uwezo mdogo linasisitiza kwanza kuwahi kutambua dalili na kukaguliwa na mhudumu aliyefundishwa.

Huo ukaguzi wa mikono tusiudharau. Mjini Mumbai, India, watafiti waliwafuatilia wanawake 151,538 kwa miaka 20. Nusu ya maeneo, wanawake walikaguliwa matiti kila baada ya miaka miwili na wahudumu wa afya ya msingi waliofundishwa kazi hiyo, bila mashine yoyote. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa wanawake wa miaka 50 na kuendelea, vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo tofauti haikuonekana, na ni vizuri kulisema hilo pia.

Katika vituo vingi vinavyopima saratani ya mlango wa kizazi, mhudumu anaweza kukukagua na matiti siku hiyohiyo. Ukienda kwa kimoja, omba na kingine. Na kujikagua mwenyewe? Ijue hali ya kawaida ya matiti yako, ili mabadiliko yakitokea uyaone: uvimbe wa titi au wa kwapani, ngozi inayobonyea, chuchu iliyogeuka au inayotoa damu, kidonda cha chuchu kisichopona. Lakini kule Shanghai, China, wanawake zaidi ya 260,000 waligawanywa, nusu wakafundishwa kujikagua, na miaka ilipopita vifo havikupungua. Kujikagua bila kwenda hospitali hakumponyi mtu. Shangazi aliuona uvimbe wake mapema kabisa.

Baba akakata tiketi

Aliyefungua kufuli hakuwa mimi. Ni baba. Jumapili moja ya mwezi Mei alinipigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema kama mtu anayezungumzia mbolea: "Mama yako anakuja huko Ijumaa. Nimeshakata tiketi ya treni. Nami nakuja."

Baadaye nilijua kuwa mama alikuwa anasubiri kitu hicho kwa muda mrefu. Si ruhusa hasa. Alitaka baba aseme jina la dada yake. Tangu msiba hawajawahi kuizungumza miezi ile, na mama alihisi kuwa akienda kupima ni kama anamwambia mumewe kwamba yeye hatapelekwa kwa mganga. Wababa mnaosoma, mimi sina ushauri mkubwa hapa. Nasema tu lililotokea kwetu.

Kabla hawajafika nilipiga simu hospitalini na kuuliza mambo matatu. Bei, kwa sababu inatofautiana sana kati ya hospitali na hospitali. Bima, na hapa uliza vizuri, kwani kumlipia mtu mwenye dalili ni jambo moja na kumlipia asiye na dalili ni jambo jingine. Na kama kuna mtaalamu wa kike zamu ya siku hiyo. Hilo la mwisho huwa hawakasiriki ukiliuliza, nami nilishangaa nilivyokuwa naona haya kuliuliza. Asiye na bima wala uwezo aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Nilisahau kumwambia mama kuhusu poda. Akatoka nyumbani kwangu amejipaka kifua na kwapa kama anakwenda harusini. Poda, manukato ya kwapani na mafuta vinaweza kuonekana kwenye picha kama chembe nyeupe, na chembe nyeupe za chokaa ni moja ya vitu ambavyo daktari anavitafuta. Tulikwenda naye msalani, akajiosha, akajifuta kwa kanga yake. Vaa blauzi na sketi, au suruali, maana gauni utalivua lote. Kwa ambaye bado anapata hedhi, wiki inayofuata baada ya hedhi ndiyo nzuri zaidi kwa kuwa matiti hayana maumivu.

Alipigwa picha nne, mbili kila titi. Titi linawekwa juu ya sahani, sahani nyingine inashuka na kulibana ili litandazike, unaambiwa usipumue, picha inachukuliwa, linaachiwa. Mionzi yake ni kidogo, karibu sawa na ile ambayo mtu yeyote anaipata kutoka kwenye ardhi na anga kwa muda wa wiki saba hivi. Mama alitoka baada ya dakika kama 15. Nilimuuliza iliuma?

"Inabana kama mtoto anayeota meno," akasema. Baba akacheka, kisha akatazama pembeni.

Sifuri

Walirudi Morogoro Jumamosi. Ripoti ilitoka Jumatatu, nikampiga picha karatasi na kumtumia kabla sijaisoma vizuri, kosa ambalo mwandishi wa afya hapaswi kulifanya. Chini kabisa palikuwa na daraja kwa mfumo uitwao BI-RADS, na daraja lenyewe lilikuwa 0.

Mama akajibu: "Sifuri! Mungu mkubwa."

Ilibidi nimpigie. Kwenye mfumo huo madaraja huanzia 0 hadi 6. Moja ni picha safi. Mbili ni kitu kipo lakini si saratani. Tatu ni kitu ambacho kwa uwezekano mkubwa si cha kutisha, ila kifuatiliwe. Nne na tano zinataka kinyama. Sita ni saratani iliyokwisha kuthibitishwa. Na sifuri maana yake ni kwamba picha hazijatosha kuamua, rudi kwa vipimo vya ziada. Sijui ni wanawake wangapi wamewahi kuisoma sifuri hiyo kama mama alivyoisoma, wakaikunja karatasi na kuiweka kabatini.

Kuitwa tena si hukumu. Marekani, ambako wanapima kwa wingi, kati ya wanawake 100 wanaopigwa picha takriban 10 huitwa tena, na walio wengi hukutwa hawana saratani. Nilimwambia mama hivyo. Nilijiambia na mimi.

Altrasaundi ilionyesha uvimbe wa milimita tisa, titi la kulia. Daraja likawa 4. Daktari akasema sindano.

Mama alinyamaza. Kisha akamuuliza daktari, "Ikiwa ndiyo, itakuwa ya ngapi?" Alikuwa anauliza hatua. Daktari akamjibu kuwa hawezi kusema bila kinyama, ila uvimbe wa ukubwa ule, kama ungekuwa saratani, kwa kawaida ndio unaotibika vizuri. Mama akamtazama baba. Baba akasema, "Mimi nitakaa hapo nje. Sitoki."

Waliweka ganzi. Sindano yenyewe hutoa mlio kama wa stepla, na mama alikuwa ameshaambiwa mapema ili asishtuke. Vipande vinne, plasta, panado za kwenda nazo nyumbani. Alivilia damu kidogo kwa siku tano. Majibu yalichukua siku 12, na sitajifanya kwamba zilikuwa siku nyepesi. Baba alikuwa ananipigia asubuhi na jioni kuniuliza hali ya hewa ya Dar es Salaam.

Haikuwa saratani. Ameambiwa arudi baada ya miezi sita kwa altrasaundi. Tangu picha ya kwanza hadi majibu zilipita siku 33.

Mama amerudi kwenye cherehani yake. Kazi ile ina jambo moja ambalo sikuwahi kulifikiria: kila mteja anayeshona gauni lazima azungushiwe futi kifuani. Ni dakika moja ambayo mwanamke amesimama, mikono ameinua, na hakuna mwanaume karibu. Baba ananiambia siku hizi dakika hiyo imekuwa ndefu, na kwamba nguo za watu zinachelewa.

Wiki iliyopita mama alinipigia kwa ajili ya mteja wake mmoja, mama wa miaka 47, mwenye kigololi tangu mwezi wa Ramadhani. Alikuwa na maswali mawili: kama kuna mtaalamu wa kike, na kama ni kweli kwamba sindano inasambaza. La kwanza nilimpa namba ya mapokezi. La pili mama alisema nisihangaike, alishamjibu.